Nilimpita shemeji yangu mlimani, na Jumapili anakuja nimsomee daftari

Admin, nifichie jina, ingawa wale tuliosafiri nao wakisoma hapa watanijua tu. Mimi ni mwanaume wa miaka 37, naishi Kitandililo, Makambako, ni mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Nina mke na watoto wawili. Tangu kidato cha kwanza naandika daftari la kila siku, tarehe na saa, na sijawahi kuandika uongo humo. Isipokuwa siku moja.

Tuna kikundi chetu cha baiskeli, watu wanane. Mwaka jana tulisikia mashindano ya waendesha baiskeli wa kulipwa yatapita barabara ya Makambako kwenda Njombe, tukaomba likizo pamoja. Tulipanga siku nne: tulale Kichiwa kwenye hosteli ya misheni, tuzunguke milimani, na siku ya tatu tupande hadi juu ya kilima kimoja tuwaone wakipita. Ratiba niliandika mimi.

Mume wa mdogo wangu alikuwemo. Ni fundi seremala, mnene kidogo, mcheshi, na mlimani huwa wa mwisho. Asubuhi ya siku hiyo ya tatu mwenyekiti wetu, mama mmoja mwalimu, alimtania: "Shemeji, wenzako wanalipwa kwa kukimbia, wewe ungelipwa kwa kupumzika!" Akajibu, "Nyie angalieni matairi, mimi naangalia misitu. Ndiyo mbao zangu hizo."

Kikundi chetu kina sheria moja isiyo na mjadala. Mtu mmoja anafunga msafara. Yeye ndiye hubeba pampu na spana, na hampiti mtu hata iweje. Akisimama mmoja, naye anasimama. Siku ile nilifunga mimi.

Kwenye msitu wa misindano tulibaki wawili, mimi na shemeji, wengine wakiwa wameshatangulia. Akashuka. "Shemeji, subiri. Breki ya nyuma haishiki. Nipe spana." Wakati huohuo nikasikia ving'ora vya pikipiki kutoka bondeni. Nikatazama saa: nne na dakika ishirini. Nilijua kwa hesabu zangu kwamba nikisimama hata kidogo sitawaona. Nilikuwa nimesubiri siku ile miezi mitano. Nikasema, "Nakuja." Nikampita. Spana ikiwa mgongoni kwangu.

Niliwahi. Walipita chini ya dakika moja. Nilihesabu hadi kumi na moja nikapoteza hesabu; minyororo yao ilisikika kama mvua inayoanza juu ya bati. Nilipiga kelele kama mtoto. Ndipo mwenyekiti akageuka: "Shemeji yako yuko wapi?"

Nikajibu, "Kaniambia nitangulie."

Tulirudi kumtafuta. Kati ya msitu ule na kilima kuna mteremko mkali wenye kona, na hapo ndipo tulipomkuta. Wapasua mbao walikuwa wamemtoa mtaroni na kumlaza juu ya mbao zao. Mkono wa kulia ulivunjika mara mbili, kichwa kiligonga jiwe. Alipopata fahamu vizuri hospitalini, asubuhi yote ile ilikuwa imefutika. Alikumbuka chai ya hosteli tu. Jioni, nikiwa kwenye benchi la hospitali, nikaandika kwenye daftari maneno yaleyale: kaniambia nitangulie.

Kilichofuata ndicho kinachonitafuna. Kikundi kilipokwenda kumwona, yeye ndiye aliyeomba radhi. "Nisameheni, nimewaharibia likizo." Mdogo wangu akamkaripia mbele yetu: "Ubishi wako ndio huo! Kaka alikuwepo akusaidie, wewe ukamfukuza!" Akainamisha kichwa, akasema, "Kweli, mke wangu." Nami nilisimama palepale nimeshika chupa ya uji.

Mkono haujanyooka hadi leo. Hawezi kupiga randa. Anakaa karakanani akiwaelekeza wengine. Mdogo wangu ameuza baiskeli ya mumewe. Kila shemeji akitaka kuamua jambo, hata la kununua mbuzi, anaambiwa, "Kama ulivyoamua mlimani?" Anacheka, lakini kile si kicheko chake cha zamani. Kikundi nacho kimenichagua niongoze safari ijayo, eti mimi ni mtu makini.

Jumanne wiki hii alinipigia simu. Tukasalimiana kwa salamu yetu ya huku, kamwene, kamwene, kisha akasema: "Shemeji, nimeanza kuota. Nasikia mtu ananiambia 'nakuja'. Ni nani yule?" Nikamwambia ndoto ni ndoto. Akasema, "Wewe huandika kila kitu. Jumapili baada ya misa nitakuja unisomee siku ile. Labda nitakumbuka."

Tangu hapo situlii. Kazini nimehesabu misumari ya katoni moja mara tatu. Nimefikiria kuchana karatasi ile, lakini daftari langu limeshonwa. Ukichana moja, ya upande wa pili nayo inang'oka, na yeye ni fundi, ataona. Mke wangu anauliza mbona natembea tu uani, nasema nanyoosha miguu.

Nikimsomea kilichoandikwa, ataniamini, na ataendelea kuinamisha kichwa nyumbani kwake maisha yote. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimempoteza mdogo wangu, niliyemlea tangu mama yetu afariki. Na sijui kama inatosha kumwambia yeye peke yake, au lazima mdogo wangu awepo, na kikundi kizima.

Leo ni Ijumaa. Spana ile bado iko kwenye begi, sijaigusa. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nimestahili, ila mnishauri kabla ya Jumapili. Akikaa kwenye kiti na kusema "haya, soma", nifanye nini?