Askari wa Kirumi wa Kigango Chetu

Nilisafiri kwa sababu ya Mwita. Kila Ijumaa Kuu mimi ndiye niliyepanga igizo la mateso kigangoni kwetu Usagara, na kila mwaka Mwita alikuwa askari wa Kirumi. Ni Mkurya, na sisi Wasukuma tulisema jeshi ni la Wakurya. Utani tu. Mwaka ule akakataa.

"Mwalimu, miaka mitano namsulubu Yesu. Mwanangu, wenzake shuleni wanamwita mtoto wa muuaji. Nitahamia kigango kingine."

Ni rafiki yangu. Sikulala vizuri.

Jumatatu asubuhi nilipanda baiskeli hadi kivuko cha Kigongo, nikamwone Padre mmoja mzee ng'ambo ya pili ya ziwa, mwenye vitabu vingi. Nilitaka anihakikishie kuwa Warumi walikuwa watu wa mbali, wakali, ili nimtafute mgeni mwingine wa kuwa askari.

Kwenye pantoni nilibanana na mama wa Kijita mwenye dagaa na Mhaya mwenye shehena ya mitumba. Kwa huyo wa mitumba nilinunua pazia jekundu la kushonea joho la askari.

Tulipofika Busisi, nilikanyaga pedali saa nzima hadi misheni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina. Mbona vumbi hivyo?"

Nilimweleza. Akafungua kitabu kinene.

"Unadhani wote walitoka Roma?"

"Si ndio Warumi, Padre?"

"Jeshi lile lilikuwa na Wagalia, Wathrakia, hata watu wa Afrika Kaskazini. Waliolinda Yudea wengi waliandikishwa hapo hapo, Siria na Samaria."

"Majirani?"

"Majirani kabisa. Ninyi askari wenu mmemtoa wapi?"

Niliona aibu, nikaaga na kuwahi pantoni.

Jioni, kabla ya kufika kwangu, nilipitia kwa Mwita.

"Nisamehe, ndugu yangu. Askari nimempata. Msukuma."

"Nani huyo?"

Nikajifunga lile pazia. Alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni.

Ijumaa Kuu Mwita alisimama na mwanawe katikati ya waumini. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo nimeifundisha darasani miaka mingi bila kuielewa. Nilipoinua nyundo, mama yangu mzazi, aliyeketi benchi la mbele, alinitazama mara moja, kisha akageuza uso.