Bibi Harusi wa Azaiba

Hamood alikuwa na bega moja bovu, na la pili lilikuwa njiani kulifuata. Kila asubuhi akivuka kilima kutoka Al Amerat, mkono wa kushoto aliuweka kwenye usukani na wa kulia akaulaza mapajani kama mtoto mgonjwa, maana huo ndio uliokuwa na kazi ya siku nzima mbele yake. Foleni ikianza kuteremka mjini Maskati hakupiga honi wala hakubadili njia. Wenye haraka zao walimpita. Yeye haraka zake zilishamwisha.

Kazi yake ilikuwa kubandika vigae. Majirani walijua hivyo tu, na mmoja wao aliwahi kumwomba aje amtazamie choo chake kinachovuja. Lakini vigae vya Hamood si vya choo. Katika ghala moja la Azaiba, nyuma ya maduka ya barabara kuu, baina ya muuza mazulia na fundi wa viyoyozi, kampuni ndogo ilikuwa ikiunda ndege ya kwenda angani. Haina rubani, mabawa yake mafupi, na mwili wake hauzidi pikapu mbili zilizofuatana. Ilikusudiwa ipandishwe juu kwa roketi, iizunguke dunia majuma kadhaa ikiwa na vyombo vya wataalamu ndani yake, kisha irudi yenyewe na kutua kwa magurudumu kama ndege yoyote ile. Ikishapoa, isafishwe, itengenezwe palipochakaa, irushwe tena. Maana yake yote ilikuwa hapo kwenye neno “tena”.

Ila ilikuwa haijaenda hata mara ya kwanza. Kila siku ya safari ilipotajwa, kitu kilizuka: mara betri, mara kibali, mara roketi yenyewe. Bi Sabah, mama wa makamo aliyekuwa akipika chai na kahawa pale, ndiye aliyeipa jina. Alisimama mlangoni siku moja na sinia lake akasema, “Bibi harusi gani huyu? Kila siku hina, kila siku liwa, na bwana harusi hamwoni!” Wakacheka mpaka mhandisi mkuu. Tangu hapo ndege ikawa Bibi Harusi, na hata kwenye simu za kikazi hakuna aliyeiita vinginevyo.

Bibi Harusi akirudi kutoka juu, hewa itamsugua mpaka tumbo lake liwe kama kaa la moto. Kinachomlinda ni vigae vyepesi mfano wa mkate mkavu, vinavyobandikwa kimoja kimoja kwa gundi. Kazi hiyo Hamood aliifanya chali, juu ya kibao chenye magurudumu, mkono wa kulia umenyooshwa juu, kigae amekishikilia na kukisubiri mpaka gundi ikubali. Ndiko bega lilikoharibikia. Daktari alishamwambia linataka kupasuliwa na kupumzishwa miezi, na kwamba akizidi kungoja, mkono huo hautapanda tena juu ya kichwa. Hamood alikwenda kwa Lujain, yule mhandisi mkuu, binti wa umri wa watoto wake, akamweleza.

“Ami Hamood,” Lujain alimwambia, “wa kuziba pahala pako sina. Akitoka Bibi Harusi, na wewe siku hiyo hiyo utoke. Hilo nakuahidi.”

Na sasa lori lilikuwa linakuja Alhamisi kumchukua Bibi Harusi kumpeleka kusini, kwenye uwanja wa kurushia. Safari hii kila kibali kilikuwepo. Mkewe Hamood alishaanza kuzungumza na watu wa hospitali. Hamood mwenyewe hakuwa na furaha kubwa. Alikuwa na hamu moja tu, ya kulala bila ya kuamshwa na bega.

Jumanne walifanya jaribio la mwisho la kuvuta. Kikombe cha mpira kilinyonya kigae, kikakivuta taratibu, na mshale wa kipimo ukapanda. Safu za mbele zilishika. Za katikati zilishika. Walipofika nyuma, karibu na mkia, vilishika viwili vitatu, kisha kimoja kikaja. Mshale ulikuwa haujafika hata nusu. Kilibanduka bila ya sauti, kama kigaga cha kidonda kilichopona.

Lujain akakipokea kigae, akakigeuza. Gundi yote ilikuwa imebaki upande wa kigae. Upande wa ndege palikuwa peupe.

“Nani alipangusa hapa?” aliuliza, ingawa jibu alilijua.

Aliyekuwa akipangusa ni Theodora, mwanamke wa Moshi. Aliingia Maskati kufanya kazi za nyumbani, akaja ghalani kufagia, na Hamood ndiye aliyemfundisha kusafisha mwili wa ndege kwa spiriti kabla ya gundi. Mkataba wake ulikuwa mezani kwa Lujain ukisubiri kutiwa saini, na wenye kampuni walikuwa wakitafuta wa kupunguzwa.

“Theodora, niambie kweli tu. Kitambaa ulibadilisha?”

“Nilibadilisha, madam. Kila mara nabadilisha.”

“Glavu?”

“Nilivaa. Jamani, madam, mimi nitapangusaje bila glavu?” Akageuka. “Mzee Hamood, si ulikuwepo?”

“Nilikuwepo,” alisema Hamood. “Alipangusa vizuri.”

“Ami, kama alipangusa vizuri, kigae kingeshika,” alisema Lujain, wala hakulisema kwa ukali. Naye alikuwa amechoka, macho yamemwingia ndani. Akampa Hamood kigae, akaenda kupiga simu.

Hamood alikwenda nacho kwenye meza yake ya kazi. Gundi haikuwa na kosa. Ilikuwa imekauka sawasawa. Alipitisha kidole, akahisi utelezi mdogo sana. Akaunusa ule utelezi.

Ulikuwa udi. Tena haukuwa wa dukani. Ulikuwa udi wa kupikwa, na sandali na sukari iliyoungua, harufu aliyovaa kila Ijumaa ya maisha yake ya ndoa, kwa sababu aliyekuwa akiupika na kuwapelekea nyumbani ni Bi Sabah, shangazi wa mkewe.

Alidhani kwanza ni nguo zake. Akanusa mkono wa ovaroli: jasho na gundi. Akajilaza kwenye kibao, akajisukuma mpaka chini ya mkia, akanyanyua pua kwenye lile pengo. Ulikuwepo. Alikaa pale chali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kigae kimoja, alijisemea. Kipanguswe upya, kitiwe upya, kesho kitakuwa kimekauka. Vyenzake vimeshika. Vimeshika leo, ndani ya baridi ya kiyoyozi, akajijibu mwenyewe, na bega likampiga mshipa.

Bi Sabah alikuwa jikoni akisuuza vikombe vya kahawa.

“Shangazi,” alisema Hamood, “umeingia kule kwa Bibi Harusi na chetezo cha udi?”

“Nimeingia, kwani vipi?” Wala hakugeuka. “Juma lililopita, mlipokwenda kusali adhuhuri. Nimempitishia chini ya mabawa na huko nyuma mlikokuwa hamjamvisha. Nikamsomea na kisomo kidogo.”

“Shangazi.”

“Shangazi nini? Mtoto wa kike anatoka kwao, anakwenda mbali, atoke hivi hivi ananuka spiriti kama sindano? Wanaume nyinyi hamna khabari. Watu watasema hana mama.”

“Kigae kimebanduka.”

Hapo ndipo alipogeuka, kikombe mkononi kinatiririka maji. Alimtazama Hamood usoni, na polepole akaelewa. Akakaa kitako juu ya ndoo iliyofudikizwa.

“Moshi tu, baba,” alisema. “Moshi wa udi.”

“Una mafuta. Gundi haipendi mafuta.”

“Na yule Mtanganyika ndiye anayesemwa huko? Nimesikia sauti.”

“Ndiye.”

Bi Sabah alifuta mikono kwenye mtandio wake, mmoja baada ya mwingine. “Mimi nishakula chumvi yangu. Kanitaje.” Kisha, akiwa hamtazami: “Na bega lako, je? Si ulisema unapumzika Alhamisi?”

Hesabu hiyo Hamood alishaifanya chini ya mkia. Safu zote za nyuma zilibandikwa baada ya adhuhuri ile. Zote zilikaa juu ya moshi. Kuzibandua ni kuzivunja. Zitengenezwe nyingine, zibandikwe upya, na roketi haitasubiri. Zamu yake ikipita, nyingine ni baada ya kiangazi. Na mkono wa kuzibandika ni huu huu.

Alimkuta Lujain amesimama kando ya Theodora, wote wawili wakilitazama pengo. Mkataba ulikuwa umekunjwa mkononi mwa Lujain.

“Theodora hana kosa,” alisema Hamood. “Alipangusa, akaenda kula, na sisi tukaenda kusali. Tulipokuwa hatupo, Bibi Harusi alifukizwa.”

“Alifanywa nini?”

“Alifukizwa udi. Kama anavyofukizwa bibi harusi.”

Lujain aliinama, akaingiza kichwa chini ya mkia na shela yake yote. Alipotoka huko alikuwa anacheka kicheko kikavu kisicho na raha.

“Ami, unajua mimi niliisikia harufu hii? Siku ile ile. Nikasema ni abaya yangu.”

“Na mimi nilikuwa chini yake mchana kutwa,” alisema Hamood. “Nikaona ndiyo harufu ya mtu aliyevaa vizuri.”

“Mimi nilijua siyo ya nguo,” alisema Theodora kwa sauti ndogo. Wakamgeukia. “Nilidhani ni utaratibu wenu, madam. Hapa gari jipya linafukizwa, mgeni anafukizwa, makochi yanafukizwa. Nikasema na ndege pia. Ningeulizaje? Ningeonekana nadharau dini za watu.”

“Udi si dini, Theodora.”

“Sasa mimi ningejua wapi, madam? Kwetu ubani uko kanisani.”

Lujain alicheka tena, na safari hii kilikuwa kicheko kweli, kisha akaketi kwenye kibao cha Hamood akafunika uso kwa viganja. Wakamwacha. Alipoinua uso alitia saini ule mkataba ukiwa juu ya goti lake, akampa Theodora, halafu akapiga simu kulizuia lori.

“Na Bi Sabah?” aliuliza Hamood alipomaliza.

“Bi Sabah atapika kahawa,” alisema Lujain. “Chetezo kitakaa kwangu ofisini, chini ya ufunguo.” Akamtazama bega, akatazama pembeni. “Na ahadi yangu, ami, bado ni ahadi. Akitoka.”

“Akitoka,” alisema Hamood.

Alimpigia mkewe kutoka nje, kivulini mwa duka la mazulia. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Shangazi yangu?” Hamood akasema, “Shangazi yako.” Mkewe akasema, “Basi nitawaambia hospitali wasubiri,” na hakuongeza neno, na kwa hilo Hamood alimshukuru.

Aliporudi ndani, Bi Sabah alikuwa ameweka kahawa na halua pembeni ya mkia, bila ya kumtazama mtu. Theodora alikuwa ameshavaa glavu mpya, boksi la vitambaa liko wazi. Hamood alijilaza kwenye kibao, akajisukuma chini, akachukua kisu cha mbao, akaanza na kigae kilicho karibu na pengo. Kilishika. Akakichokoa taratibu, mkono wa kulia umepanda juu ya kichwa kwa tabu, mpaka kikaja chote, na harufu ikamshukia usoni, tamu, ya nyumbani.

“Kitambaa, mzee?” aliuliza Theodora.

“Bado,” alisema Hamood. “Tubandue kwanza vyote.”