Msimu wa Kumhamisha Bibi

Nyumba yetu ya Tunduma ilinuka munkoyo. Nje kulikuwa na harufu ya malori yaliyosubiri kuvuka mpaka, dizeli na breki zilizoungua, lakini ukishaingia ndani harufu hiyo ilishindwa na ile ya uji wa mahindi uliopozwa, ukatiwa mizizi iliyopondwa, kisha ukaachwa mtungini hadi uwe mtamu wenye ukali kidogo kooni. Aliyeupika ni Bibi, mama yake Baba. Alizaliwa upande wa Zambia, akaolewa na babu yangu upande huu, na kwa hesabu yake mwenyewe hakuwahi kuhama: alitoka kwa Wanamwanga akaenda kwa Wanamwanga. Mpaka ulikuwa jambo la watu wa ofisini.

Kwa bahati mbaya mwanawe akawa mtu wa ofisini. Baba alitoka katika ukoo wa kichifu, akawa wa kwanza kwao kupata shahada, Afisa Tarafa aliyepiga pasi suti zake mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na mikunjo yake. Kiangazi kile, nilipokuwa darasa la nne, jina lake lilipendekezwa kwa cheo cha katibu tawala wa wilaya, na mkubwa mmoja kutoka makao makuu alikuwa anakuja kukagua kazi zake na kula chakula kwetu. Wapinzani wake walikuwa wameanza kunong'ona sokoni kwamba mama yake ni mtu wa ng'ambo. Hakukuwa na sheria iliyomzuia. Baba alikuwa raia tangu kuzaliwa. Lakini usomi ulimfundisha kuona hatari hata pale ambapo haikuwepo. Basi nyumba ikasafishwa. Gunia la unga wa Zambia likaondolewa, mablanketi ya kutoka huko yakaondolewa, redio ikahamishwa kutoka stesheni ya Lusaka. Mwisho ikafika zamu ya Bibi.

"Mama, ni siku mbili tatu tu," Baba alisema, amesimama. "Kule kijijini Ruanda, kwa dada, kuna hewa nzuri."

"Hapa nilikuwa napumua nini?" Bibi akauliza. Akamtazama, akacheka. "Na pua yangu hiyo uliyoivaa, mwanangu, utaifungia kabati gani?"

Tulicheka sote isipokuwa Baba. Asubuhi Bibi akaondoka, mtungi wake umefungwa kwa kitenge, ameupakata kama mtoto.

Mgeni alikuja, akala, akasifu kila kitu. Baba alizungumza Kiswahili kilichonyooka mno, hata Mama akawa anamsikiliza kama taarifa ya habari. Wakati wa kunawa mikono, mgeni alivuta hewa puani, akatabasamu.

"Afisa, munkoyo wa mama leo haupo? Wenzangu waliopita hapa wameniambia nisiondoke bila kuuonja. Mwenyewe hajambo?"

"Hajambo, mheshimiwa. Amesafiri kidogo."

"Basi msalimie. Mwambie nimemkosa."

Kumbe wakubwa walijua habari za Bibi tangu mwanzo. Baba angeweza kumrejesha Bibi kesho yake. Badala yake alianza kuwaza kwamba huenda salamu ile ilikuwa mtego. Akangoja barua ya uteuzi. Ilipokuja, akangoja athibitishwe kazini. Mvua zilipoanza, Bibi alimwomba shangazi amvushe mpaka, akarudi kuishi kwa ndugu zake.

Leo naandika tasnifu ya uzamili kuhusu afisa msomi wa ufalme wa Ryukyu, visiwa vidogo vilivyopeleka zawadi za utii Uchina huku chinichini vikiwatii Wajapani. Ukoo wake ulimpeleka Uchina kusoma. Akarudi mkalimani, akapanda hadi kwenye baraza la mfalme. Wajumbe wa Uchina walipowasili, Wajapani walihamishiwa kijijini na sarafu zao zikafichwa. Inaaminika wajumbe walijua, wakanyamaza kwa adabu. Katika rasimu yangu niliuita mchezo huo wa kuficha ustadi. Nimelifuta neno hilo, nikalirudisha, nikalifuta tena. Mfano haulingani, najua: Wajapani walikuwa mabwana, Bibi alikuwa mama. Hilo ndilo linaloufanya ustadi wa kwetu kuwa mbaya zaidi. Siku hizi nyumba yetu inanuka rangi na dawa ya sakafu, na mtu yeyote anaweza kuikagua.

Bibi amefariki mwaka huu. Baba, mstaafu sasa, alivuka kwa kibali cha muda kama wafanyabiashara wa mahindi. Kule wafiwa huketi chini, mkekani. Mgeni hupewa kiti. Baba alivua viatu, akaelekea kwenye mkeka walikoketi wajomba zake. Mmoja wao, mdogo wake Bibi wa mwisho, akainuka kwa taabu, akamwahi na kiti cha plastiki. Alikifuta vumbi kwa kiganja, kwa heshima zote.

"Kaeni hapa, mheshimiwa. Mmetoka mbali."

Pale tulipokuwa, honi za malori ya Tunduma zilisikika vizuri kabisa. Baba alivaa viatu vyake, akakaa.