Fabian na Ngoma ya Nyumbani

Fabian, mtoto wa katekista Lazaro wa kijiji cha Buger, alicheza ngoma katika kundi moja jijini Dar es Salaam mpaka goti lilipomkatalia. Hilo na lisemwe mapema, kwa kuwa wapo watu Karatu waliovumisha kwamba alifukuzwa kwa ulevi. Katika ukoo ule hakuna mlevi. Alianguka jukwaani mbele ya wageni wa serikali, akamaliza wimbo kwa mguu mmoja, ndipo akabebwa.

Katika kundi lile alicheza ngoma za Wamakonde na za Wasukuma, na watazamaji waliapa kwamba amezaliwa huko. Ngoma ya Wairaqw, ya kwao, hakuicheza hata mara moja. Hakuna aliyeiulizia. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Aliporudi Karatu akichechemea, aliomba ukumbi wa parokia, akaanza kuwafundisha vijana ngoma hiyo hiyo.

Alikuwa mkali. Aliyechelewa alifagia ukumbi. Aliyetafuna bazoka alirudishwa nyumbani. Lakini ni yeye aliyewabembeleza wazazi wa Marsela wasimwachishe binti yao shule, na ni yeye aliyempokea Lembris, Mmasai wa Piyaya aliyekuja kusoma mjini, wenzake walipomcheka.

“Huku tunakanyaga, ero, haturuki!” walimtania, wakimwita kijana kwa Kimasai.

“Mnakanyaga kama mnafukuza siafu,” alijibu Lembris. Haukupita muda akawa anakanyaga kuliko wao.

Mwaka huu ukaja mwaliko wa tamasha la ngoma Arusha. Fabian alikwenda mwenyewe Buger kwa shangazi zake kuazima sketi za ngozi zilizoshonwa shanga, zile za mabibi harusi wa zamani. Hatimaye ngoma ya kwao ingepanda jukwaani.

Jumamosi asubuhi, basi dogo la Kosta lilisubiri mbele ya ukumbi. Dereva alipiga honi hata akachoka. Hakutokea mtu.

“Vijana wako wamepita mapema, baba,” alisema mama wa maandazi ng’ambo ya barabara. “Wamebebwa na gari la loji.”

Loji yenyewe, hoteli ya watalii, ilikuwa upande wa geti la Ngorongoro. Fabian alifika kwa bodaboda, mguu umekakamaa. Nyuma ya jiko aliwakuta wote, watoto wa wakulima wa mahindi na vitunguu, wamefungwa shuka nyekundu za Kimasai, wavulana wameshika fimbo. Lembris alikuwa ameshika mbavu kwa kucheka.

“Ticha, mwone Bartolomeo! Kavaa mapambo ya mwanamke aliyeolewa. Akitokea Piyaya hivi, wazee watamuuliza mume wake yuko wapi!”

“Kaa kimya, wazungu hawajui,” alinong’ona Bartolomeo.

“Vueni hayo, twende,” alisema Fabian. “Gari linasubiri.”

Hakuna aliyevua. Marsela alisogea, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa.

“Shikamoo, mwalimu. Utusamehe. Meneja alisema asiyekuja leo asionekane tena kazini msimu mzima. Na nyumbani wananitazama mimi.”

“Na ngoma yetu?”

“Tulimwonyesha. Akasema ni nzuri, ila wageni wamekuja kuona Wamasai wakiruka.”

Fabian alimgeukia Lembris. “Na wewe?”

Kicheko kilikatika. “Mimi wamenichukua niwafundishe hawa kuruka,” alisema, macho chini. “Kufundisha nilijifunza kwako, ticha.”

Fabian alijiuliza la kufanya. Angewafukuza? Wafukuzwe kutoka wapi, na walikuwa wameshaondoka? Angewakaripia? Mwenyewe alikuwa amewafundisha kwamba mchezaji akishatoa ahadi hukanyaga jukwaa hata akiwa na homa, na ahadi walikuwa wamempa mtu mwingine.

Simu ililia mfukoni. Ni mratibu wa tamasha.

“Mwalimu Fabian, mmefika wapi? Tunapanga zamu huku.”

Aliwatazama vijana wake mmoja mmoja. Wote walikuwa wakitazama chini.

“Waiteni wengine,” alisema. “Sisi hatutafika.”

Huko nje magari yalikuwa yakirudi kutoka kreta na wageni wakishuka kwa chakula cha mchana. Meneja alipiga makofi. Vijana walitoka mbio kwa mstari ulionyooka, jinsi walivyofundishwa, Lembris akitangulia. Marsela aligeuka nyuma.

“Mwalimu, tafadhali, usisimame hapo mlangoni. Utatokea kwenye picha za wageni.”

Fabian akasogea.