Jaketi la Kukumbatia na Jaketi la Mgongoni

Mimi ni fundi cherehani, na ugonjwa wangu ni mmoja: sivumilii kitu kinachoning'inia. Uzi uliobaki kwenye upindo, mkanda uliopitiliza, suruali inayoburura. Nikiwa kanisani nikaona uzi mgongoni kwa mtu aliyekaa mbele yangu, mahubiri yote yananipita. Watu wa mtaa wetu wa Mfaranyaki walikuwa wakinitania kwamba hata nikifa nitainuka kwanza nipunguze sanda yangu. Zamani nilikuwa nacheka nao.

Mdogo wangu alikuwa mzamiaji. Ukisema hivyo hapa Songea watu wanakushangaa, maana huku kwetu ni mahindi na baridi. Kazi yake ilikuwa kule chini, Ziwa Nyasa. Alishuka na mtungi wa hewa mgongoni kukamata samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe, wale wanaosafirishwa nje wakawekwe kwenye matangi ya vioo sebuleni mwa watu. Wiki mbili ziwani, siku chache nyumbani kwa mama, kisha anarudi tena.

Safari moja alikuja na kiroba. Tajiri wake alikuwa amepata majaketi mawili ya kuzamia, yaliyokwisha kutumika, akamwambia achague moja liwe lake na la pili amwachie mwenzake wa kuzamia. Akatueleza, mama na mimi, kwa subira ambayo sikumjua nayo. Jaketi la kuzamia lina mfuko wa hewa ndani. Ukibonyeza kitufe, hewa ya mtungi inaingia, unaelea. Ukiitoa, unashuka. Tofauti ni mahali mfuko ulipo. Moja, mfuko unazunguka mbavu mpaka kifuani. Nikaliita la kukumbatia. Lingine, mfuko wote uko nyuma, mbele ni mikanda mitupu. Nikaliita la mgongoni.

Yeye alilitaka la mgongoni. Alisema ukiwa chini linakulaza vizuri, tumbo chini, na kifua na mikono vinabaki huru. Kazi yenyewe ni ya mikono miwili, wavu huku na wavu huku. La kukumbatia, alisema, linajaa kwapani. Nilimsikiliza nusu nusu. Macho yangu yalikuwa kwenye mshono. La kukumbatia lilikuwa na mabega, mifuko na umbo la nguo ya mtu. Lile lingine nililiona kama mbeleko iliyochoka.

Mama akasema mtu hachagui kitu ambacho hajakiona majini. Huko Mshangano kuna shimo kubwa la wafyatua matofali ambalo masika hujaa maji. Tukaenda Jumapili baada ya misa, shimo halina watu. Mdogo wangu aliyajaza majaketi kwa kupuliza na mdomo, akaingia na moja moja. La kukumbatia lilimweka wima kama mtu aliyeketi kitini, kidevu kikiwa juu kabisa, huku anatucheka. La mgongoni lilimsukuma mbele mpaka uso ukagusa maji, naye akajiegemeza nyuma ndipo akatulia. Akasema hilo ni suala la kuzoea tu.

"Hilo hapana," mama alisema.

"Mama, mimi muda mwingi niko chini, siko juu."

"Nakuuliza siku ukizimia. Uso wako utakuwa wapi?"

Alinitazama nimtetee, maana tangu utotoni nilikuwa nikimtetea kwa mama. Nikasema, "Chukua la kukumbatia, bwana, linakupendeza." Mtu anachagua kitu cha kumrudisha hai kutoka majini, mimi namwambia habari za kupendeza. Najichukia kwa maneno yale. Nikiyakumbuka mbele ya cherehani inabidi nisimame, nitoke nje.

Lilikuwa kubwa kwake. Kesho yake alikuja dukani, nikamvalisha mbele ya kioo. Mikanda ya mabega ilipita kwenye vifungo vyake vya kukazia na kuacha mikia mirefu inayoning'inia mpaka kiunoni. Nikaikaza mpaka jaketi likashika mwili, nikaikata mikia, nikaishona palepale kwenye vifungo kwa uzi wa kushonea viatu, mara tatu, isije ikalegea. Mkanda wa tumbo nao nikaupunguza. Alijigeuza upande huu na upande ule. "Kaka, hapa umemaliza," akasema. Wateja wawili waliokuwepo wakanisifu, na mimi nikavimba kichwa.

Nilimpima kama ninavyompima bwana harusi: amesimama, mkavu, jaketi halina hewa hata kidogo. Hakuna aliyewaza kulijaza kwanza. Hata yeye aliyeijua kazi hakusema kitu, na nadhani alikuwa amechoka kubishana na sisi.

Wiki ya pili tangu arudi ziwani tukapigiwa simu. Mambo yenyewe nilikuja kuyajua baadaye kwa mwenzake, yule aliyechukua jaketi la pili, alipopanda kuja kutupa pole. Alisema siku ile waliibuka mbali na mtumbwi, upepo umeshaanza, mawimbi yanawapiga usoni. Wote wawili wakajaza majaketi mpaka mwisho ili wakae juu. La mdogo wangu likavimba, na kwa kuwa mikanda haikuwa na pa kwenda, likavimbia ndani. Likambana kifua. Mwenzake alimwona anahangaika na mabega yake, anavuta, anavuta. Kwa kawaida unainua kifungo tu na mkanda unalegea. Wake haukulegea. Angeweza kuitoa hewa, lakini kwa mawimbi yale mtu asiyepata pumzi hakumbuki tena kitu kama hicho.

Mwenzake alipomfikia alimkuta wima, uso juu, kimya. Yeye na watu wa mtumbwi wakaikata mikanda kwa kisu.

"La kwangu la mgongoni nalo nililijaza lote, kaka," aliniambia. "Kifuani halikunigusa."

Hakunilaumu. Nilimtengea kiti, nikamkaribisha chai, na muda wote nilikuwa natamani aniinukie anipige.

Mdogo wangu hakufa. Jaketi nililolishona lilimnyima pumzi, na jaketi hilohilo likamshika kichwa juu ya maji mpaka akaokolewa. Sijui nifanye nini na jambo kama hilo. Daktari alisema ubongo ulikosa hewa kwa muda mrefu. Anakaa kibarazani kwa mama, anafumbua macho, anameza akilishwa. Hasemi. Nguo ikimgusa kifuani anaivuta mpaka inachanika, kwa hiyo namshonea mashati mapana yasiyo na vifungo, na sasa nimeshona mengi. Watu wanasema atarudi taratibu, tumwachie Mungu. Mimi siamini, na nimechoka kuitikia.

Mama anaamini ni maji. Wanajumuiya wakija kusali anawaambia ziwa lilimtaka mwanawe, jaketi likakataa kumwachilia. Wao wanaitikia, mimi naangalia chini.

Juzi asubuhi nilikwenda nimeamua. Nilitaka kumwambia mama kila kitu, mikia ya mikanda, uzi, mara tatu, halafu afanye anavyotaka na mimi. Nilimkuta anamlisha uji. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda. Kabla sijafungua mdomo, akaniuliza mwenyewe bila kugeuka.

"Hivi, lile alilolitaka yeye. Angevaa lile, ingekuwaje?"

Kijiko kilikuwa kimesimama njiani, hakijafika mdomoni. Ndipo nikaelewa kwamba swali hilo amekuwa akilala nalo na kuamka nalo siku zote hizi, na kwamba mimi simo kabisa ndani yake. Anajiuliza yeye, kwa alichokisema pale shimoni.

"Ingekuwa hivihivi, mama."

"Kweli?"

"Kweli. Yale majaketi yanafanana tu. Mimi ni fundi, niliyaangalia yote mawili."

Akamgeukia mdogo wangu na kumfuta uji kidevuni kwa ncha ya kanga.

"Umesikia kaka yako?" akamwambia. "Tulikuchagulia vizuri."