Upinde Mpya wa Kutoa Damu

Ester alijifungua Jumanne, na damu ikamtoka nyingi. Alhamisi hospitali wakamruhusu, lakini akitoka kitandani alishika ukuta. Huku Machame kila mtu anajua mzazi wa namna hiyo hupewa nini. Ni mlaso, damu ya ng'ombe iliyopikwa na maziwa na mafuta. Damu hiyo hutolewa shingoni kwa mshale mdogo, na ng'ombe hafi. Jioni ng'ombe huyo huyo anakula majani yake kama kawaida.

Mwenye kazi hiyo alikuwa baba mkwe wa Ester, Mzee Eliufoo. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa amewatolea damu wazazi wa ukoo mzima. Huyu sasa alikuwa mke wa mwanawe mwenyewe, Efraimu, na upinde hakuwa nao.

Yaani alikuwa nao. Ulikaa darini, juu ya moto wa Elinipendo, mkewe, ukipata moshi kila siku. Elinipendo akafariki, mwaka wa sabini na nne. Jiko likapoa. Mzee akawa anakula kwa Efraimu, ng'ambo ya mfereji, na moshi haukupanda tena kule darini. Ijumaa asubuhi, miaka miwili baadaye, alipoushusha upinde, unga ukamwagika mikononi. Wadudu walikuwa wameutoboa ndani kama chujio.

Alichukua ufito mkavu, akakaa uani kwa Efraimu, akachonga mwingine kwa kipimo cha ule wa zamani. Urefu ule ule, unene ule ule. Kufika saa sita ulikuwa umefungwa uzi.

Mshale wa damu hauna manyoya. Karibu na ncha huzungushiwa uzi mnene, usiingie zaidi ya ukucha. Hujaribiwa kwenye shina la mgomba, kwa hatua mbili tu. Ukiingia ukakaa kama msumari uliopigwa na fundi, uko sawa. Mkia ukilala upande, basi mbele ya ng'ombe utachana ngozi na mshipa utauacha.

Wa kwanza mkia ulilala kushoto. Wa pili kulia. Wa tatu ukaangalia juu.

"Upepo," akasema Eliufoo.

Katikati ya migomba hapakuwa na upepo. Akachukua kipande cha chupa, akaukwangua mshale uwe mwembamba. Ukazidi kuyumba. Akaukwangua tena. Akabadilisha uzi. Akachonga mshale mwingine, nao akaukwangua. Jioni shina la mgomba lilikuwa linatoka utomvu kila mahali, na mishale haikukubaliana hata miwili.

Efraimu alitoka ndani akasimama nyuma yake.

"Baba, Mzee Yoramu ana upinde. Nikauombe?"

"Upinde wa Yoramu ni wa Yoramu."

"Ester hana nguvu, baba. Mtoto analia, maziwa hayatoki. Nikimwomba Mzee Yoramu mwenyewe aje atoe..."

"Atoe nini? Ng'ombe wangu, mjukuu wangu, halafu Yoramu ndiye atoe?"

"Basi kesho mchana, baba. Ikipita hapo nitamwita."

Usiku ule mzee hakula.

Jumamosi asubuhi Yoramu alikuja bila kuitwa. Walitahiriwa mwaka mmoja, kwa hiyo hakuna aliyemchagulia mwenzake maneno.

"Eliufoo, mgomba huu umekukosea nini?"

"Nenda kwako."

"Nimekuja kuupa pole." Akaokota upinde, akauvuta. Akasita katikati, akakunja uso. "Eh! Huu umemchongea nani?"

"Mimi."

"Wewe yupi? Wa kabla ya uhuru?"

"Kipimo ni cha ule wa zamani."

"Wa zamani ulivutwa miaka thelathini mpaka ukalegea. Na wewe ukalegea nao, polepole, bila kujijua. Sasa umechonga upinde wa kijana unaukabidhi mkono wa mzee. Vuta nione."

Eliufoo akavuta. Mkono ukatetemeka toka begani. Aliuona unavyotetemeka tangu jana, kwa mshale wa kwanza, akausingizia upepo.

"Ukwangue upinde, bwana. Mishale umeshaimaliza, imebaki vijiti vya meno."

"Upinde laini ni wa watoto."

"Haya. Nikalete wangu?"

Eliufoo akakaa chini. Akakwangua tumbo la upinde, upande huu na upande huu, huku akinung'unika kwa Kichagga mambo ya mama zake Yoramu. Alijaribu. Akakwangua tena. Mara ya nne upinde ukaja bila kumvuta bega, na mshale ule mwembamba, uliokuwa ukiyumba jana, ukaingia mgombani ukanyooka. Wa pili ukaingia kando yake, sambamba. Wa tatu pia.

Yoramu akafungua mdomo.

"Nyamaza," akasema Eliufoo. "Shika pembe."

Efraimu alifunga kamba shingoni mwa dume, mshipa ukatuna. Dume akasogea. Eliufoo akashusha upinde, akamtukana dume, akasubiri. Akavuta. Ncha ikaingia, ikadondoka, na damu ikaruka moja kwa moja kwenye kibuyu. Kilipojaa nusu, Efraimu akalegeza kamba, wakapaka majivu, dume akarudi kwenye majani yake.

Valeria, mke wa Yoramu, ndiye aliyepika. Eliufoo alikaa mlangoni mwa chumba cha mzazi, akapokea kibuyu kwanza, akaonja.

"Umetia chumvi."

"Kidogo tu, shemeji."

"Elinipendo hakutia chumvi."

Ester akanyoosha mkono kutoka kitandani.

"Nipe hivyo hivyo, baba."

Akampa. Alibaki amesimama, amekasirika, mpaka Ester alipokimaliza chote.