Asiyelia Haliliwi

Nilichaguliwa kwenda kwenye mafunzo yale ya ushauri nasaha kwa sababu nilikuwa mkaidi. Mkuu wetu wa wodi hakunificha. "Nenda ukakae na hao watu wa hisia," aliniambia, "labda watakulainisha." Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja hapa Moshi, na sifa yangu kubwa ilikuwa kujibu. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na mjini hapakupita wiki bila semina: ya ukimwi, ya ujasiriamali, ya ng'ombe wa kisasa. Kwa hiyo nilikunja kanga zangu nikijua nakwenda kula wali kuku na kusinzia mchana.

Tulikuwa wauguzi, walimu wa sekondari, watawa wawili, na mchungaji mmoja kutoka upande wa Machame. Tulikutana katika ukumbi wa hosteli ya kanisa. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, Mhaya, aliyesomea ushauri nasaha ng'ambo akarudi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutuamuru tutoe meza zote nje. "Mtu akiwa na meza mbele yake anajificha," alisema. Tukabaki na viti na magoti yetu.

Alitufundisha kwamba kuna akili inayojibu maswali, na kuna akili ya ndani, isiyosema, inayokumbuka kwa mwili. Ukibanwa kifua, na daktari asione ugonjwa, ni yenyewe. Ukimfokea mtoto kwa ajili ya kikombe kilichovunjika, ni yenyewe. Na hisia inayoonekana juu mara nyingi imefunika nyingine: hasira hufunika huzuni, na kwa wengine huzuni ndiyo inayofunika hasira. Kazi ya mshauri ni kuifuata hadi chini, bila haraka. Niliandika yote. Nilidhani nafundishwa habari za wagonjwa.

Kisha kikaja kiti. Mwalimu aliweka kiti kitupu katikati ya ukumbi, akasema mshauri ambaye hajakikabili hana haki ya kumkabilisha mwingine. Kila mmoja wetu amkalishe pale mtu ambaye hajamalizana naye, aseme naye. Mtawa mmoja alizungumza na baba yake. Mwalimu wa sekondari alimkalisha mjomba, akashindwa hata kumaliza salamu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumkalisha mkuu wangu wa wodi na kumwambia maneno ya kuwachekesha watu.

"Nani amekaa pale?" mwalimu aliniuliza.

"Bosi wangu."

"Mtazame vizuri."

Nikatazama. Halafu nikasikia matiti yananiuma, yale maumivu ya maziwa yanapoingia, ilhali mtoto wangu wa mwisho alikuwa anasoma darasa la pili.

"Nani yupo?" mwalimu akauliza tena, kwa sauti ya chini.

"Mtoto," nikasema. "Wa kwanza. Wa kike. Alizaliwa hakulia."

Sikuwa nimeyatamka maneno hayo kwa mtu yeyote. Mimba yangu ya kwanza nilijifungulia ukweni, Rombo, juu ya barabara iendayo Tarakea, wakati wa masika, siku ambayo gari halikupanda wala kushuka. Mama mkwe na mkunga jirani ndio walionipokea. Hawakunionyesha mtoto. Mama mkwe alimfunga kwenye kanga, akampokeza mume wangu mlangoni, naye akaondoka na jembe. Kwa kuwa hakubatizwa, hapakuwa na sala. Hapakuwa na jina wala matanga. Nilipoanza kulia, mama mkwe alinishika kidevu akaniambia, "Asiyelia haliliwi. Ukimlilia utajifunga tumbo, hutazaa tena." Maziwa yakaja, hakuna aliyekuwa ameyapa taarifa. Mtori wa mzazi, ile supu ya ndizi na nyama, sikupikiwa, maana nilihesabiwa kuwa si mzazi. Haukupita muda nikawa nakata majani ya ng'ombe kama wanawake wengine. Baadaye nilipata watoto wawili, wazima, na kila mtu akaona hilo ndilo jibu.

"Mwambie," mwalimu alisema.

Nilidhani nitalia. Kilichotoka kwanza kilikuwa ukali. "Walikutoa mlangoni kama taka!" nilipiga kelele, watawa wakaruka kwenye viti vyao. "Nilikuwa hapo hapo, macho wazi, na hawakuniuliza!" Machozi yalifuata nyuma ya maneno hayo, mengi, na kamasi, na sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

Mchungaji alisimama, akanisogelea. Alikuwa mtu mwema. "Dada yangu, imetosha," alisema. "Mwachie Mungu."

"Mungu nimemwachia, mchungaji. Ninyi ndio sijawaachia."

Akarudi kukaa. Mwalimu alisubiri hadi nilipotulia, kisha akaniambia kilichobaki ni hatua ya mwisho. "Sasa muage."

"Simuagi."

"Bila kumuaga, zoezi halijakamilika."

"Basi lisikamilike. Mtu haagwi kabla ya kukaribishwa. Mimi huyu sijamwona hata uso."

Niliona mwalimu anatafuta kichwani mwake ukurasa unaohusika, na haupo. Wakati wa chai alinifuata nje, karibu na tangi la maji, akiwa na vikombe viwili.

"Nilifundishwa kwamba mtu akigoma hapo, anaogopa," alisema. "Wewe huogopi. Unataka nini?"

"Nataka kujua alipolala."

"Nani anajua?"

"Mume wangu."

Akanywa chai yake. "Basi hapo kiti changu hakiwezi kukusaidia. Kamuulize."

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akibeba maharage na mahindi kutoka Tarakea kuyashusha Moshi. Si msemaji. Jioni aliporudi nyumbani kwetu Njoro nilimmiminia maji ya kunawa kabla ya kula, nikamuuliza kabla hajakaa: "Ulimzika wapi?"

Hakuuliza nani. Alifuta mikono kwa taulo, akaifuta tena ikiwa imeshakauka.

"Mama alisema usiambiwe kamwe."

"Sikumuuliza mama yako."

"Napajua," alisema. "Kila tukipanda Krismasi huwa napita pale."

Nilitaka kumrushia birika. "Miaka yote hii umekwenda peke yako?"

"Ningekwenda na nani?" Aliuliza swali hilo kama mtu anayetaka jibu kweli. Tulikaa na chakula chetu mpaka kikapoa. Tuliyozungumza baada ya hapo ni yetu wawili.

Desemba tulipanda Rombo kama wanavyopanda wote, watoto na vifurushi. "Shikamoo, mama," nilimsalimu mama mkwe. "Marahaba," akaitika, akatazama mikate tuliyoleta. Asubuhi ya siku iliyofuata Krismasi, mume wangu alichukua jembe, nami nikakata tawi la isale kwenye ua. Isale ni ule mmea wa majani marefu ambao kwetu hupandwa kwenye mpaka na kwenye kaburi, na anayeomba msamaha huubeba mkononi. Mimi sikuwa naomba msamaha.

Alinipeleka chini ya kihamba, lile shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, hadi penye kona karibu na mfereji. Majirani wengi walikuwa wameshang'oa kahawa tangu bei ilipoanguka, wakapanda nyanya. Sehemu nyingine za shamba letu nazo zilikuwa zimeng'olewa, lakini kwenye kona ile mibuni mizee ilikuwa bado imesimama, imeota kuvu, haizai kitu. Ndugu za mume wangu walikuwa wakimcheka kwamba ni mvivu. Kumbe alikuwa anakataa jembe la mtu mwingine lisifike pale. Alionyesha kwa kidole, akaanza kuchimba shimo dogo la isale, na mimi nikapiga magoti.

Mama mkwe alitokea nyuma yetu na panga lake la majani.

"Mnapanda nini hapo?"

"Isale, mama."

"Hapo hakuna mpaka."

"Hapa kuna mtoto."

Alishusha panga. Kisha akasema, taratibu, kama anamkumbusha mtoto somo: "Nilikwambia asiyelia haliliwi."

"Yeye hakulia, mama. Lakini mimi nina sauti."

"Unaniletea msiba siku ya sikukuu! Watu watasema nilizika mtu kama mbwa."

"Watasema alizikwa bila mama yake kuitwa. Ndivyo ilivyokuwa."

Akamgeukia mwanawe. "Na wewe unamwangalia tu mkeo?"

Mume wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akimjibu mama yake, hakuinua hata kichwa. "Mama," alisema, "jembe nilishika mimi." Akaendelea kuchimba.

Tulipanda isale. Nikampa mtoto jina. Sitaliandika hapa, ni la nyumbani. Nilimwambia karibu. Nikalia kwa sauti, wazi, kama anavyolia mtu aliyefiwa, maana nilikuwa nimefiwa. Sikuziba mdomo kwa kanga. Majirani wakatokeza kati ya migomba, wamevaa nguo zao za sikukuu. Bibi mmoja wa jirani aliketi chini kando yangu, akanyoosha miguu, bila kuuliza chochote. Wengine wakabaki wamesimama, na wengine wakaondoka wakinong'ona.

Mama mkwe alirudi jikoni. Hakula pamoja nasi mpaka tulipoondoka. Ningependa kusema kwamba baadaye alinielewa, lakini haikutokea. Hadi alipofariki, miaka mingi baadaye, pale chini alipaita "penye ukaidi wa yule." Nilimheshimu, nilimwogesha alipougua, na sikumwomba radhi. Naye hakuling'oa lile isale, ingawa panga alikuwa nalo kila siku.

Awamu ya pili ya mafunzo ilikuwa mwezi uliofuata. Mwalimu aliniuliza kama niko tayari kumalizia zoezi langu. Nikamwambia nimeshalimalizia shambani, na kwamba neno la kuaga bado sijalisema na sidhani nitalisema. Alicheka, cheti akanipa. Siku hiyo hiyo aliwaambia wenzangu kwamba hatua ya mwisho ataifundisha kwa namna nyingine kuanzia sasa.

Kazini nilianza kuwauliza akina mama ambao watoto wao walizaliwa kimya: unataka kumwona? Kabla ya hapo nami nilikuwa nawaambia wasilie, watapata mwingine, kama nilivyoambiwa. Wapo waliokataa, na nikawaacha. Wengi walinyoosha mikono kabla sijamaliza swali. Mkuu wa wodi akaniita ofisini.

"Nilikutuma ukalainike."

"Nimelainika, mkuu. Ndiyo maana."

"Unawaliza wagonjwa."

"Walikuwa wanalia tangu zamani. Tofauti ni kwamba sasa mnawasikia."

Alinihamishia chumba cha kufungia vidonda. Nilikaa huko muda mrefu, nikifunga vidonda vya watu wa pikipiki na mapanga. Lakini ikitokea mtoto amezaliwa hakulia, muuguzi mmoja au mwingine alikuwa anakuja kusimama mlangoni kwangu na kukohoa, nami nilivua glavu nikaenda.

Nakumbuka msichana mmoja wa Kibosho, uzazi wake wa kwanza. Alimshika mwanawe asubuhi nzima, akimhesabu vidole, akimsimulia habari za nyumbani kwa Kichagga. Mkuu wa wodi alikuja na wahudumu wawili kumchukua maiti. Nikasimama mlangoni.

"Nani ameruhusu hii?" aliuliza.

"Mama yake," nikasema, na sikuondoka pale.